Mkaguzi wa mabenki aliyekuwa baba wa familia

Mwandishi wa makala ya kumkumbuka marehemu, mkaguzi wa mabenki wa Benki Kuu ya Tanzania, anadai kazi hiyo ilimtenga na familia yake. Sikubali. Nilikuwa afisa mikopo katika tawi moja Moshi, timu yake kutoka Benki Kuu ikija walipekua mafaili mpaka usiku, wakiuliza dhamana iko wapi, mkopaji analipa kwa fedha gani. Soda ya tawini marehemu hakugusa. Ila jioni lazima atoke kwenda kwenye simu ya kadi pale posta, awasikilize wanawe wakimsomea hesabu za shule. Mabenki matano yalipofungwa Januari 2018 kwa upungufu wa mtaji, nilielewa ukali wake. Mungu amrehemu. Mliokaguliwa naye mikoa mingine, mnamkumbukaje?