Seva ya nyumbani inakokota: enkripsheni itoke au ibaki?

Enkripsheni ni kufunga data ya diski isisomeke bila paswedi, na mimi muda mrefu nilikuwa upande wa "toa tu". Seva yangu ni Raspberry Pi 4, kikompyuta cha ukubwa wa kiganja, na diski ya USB, sasa siku simu mbili zinapandisha picha, TV inavuta muvi na laptop inafanya bakapu, kila kitu kinagota. Ukirun cryptsetup benchmark (komandi ya Linux ya kupima spidi ya enkripsheni) kwenye hiyo Pi, AES, ile njia ya kawaida ya kufunga data, haifiki hata MB 100 kwa sekunde wakati waya wa gigabiti unapitisha kama 110, kwa hiyo tusidanganyane, hapo enkripsheni inakula spidi kweli.

Ila mchawi ni chipu. Pi 4 haina AES ndani ya prosesa, inapiga hesabu zote kwa mkono kama mwanafunzi asiye na kikokotoo. Pi 5 ya 2023 inayo. Desktop za mtumba nazo hivyo hivyo, Core i5 ya kizazi cha pili inayo, i3 ya kizazi hicho hicho haina, kwa hiyo kabla hujalipa andika kwenye Linux grep aes /proc/cpuinfo, ikikaa kimya achana nayo. Ushanunua? Kuna Adiantum, njia nyingine ya kufunga data bila kutegemea chipu yenye AES, Google waliitoa 2019 kwa ajili ya simu za bei chee, LUKS (mfumo wa Linux wa kufunga diski) inaikubali, sema diski yote inabidi ifungwe upya.

Na wengine wanaisingizia enkripsheni tu. Diski ya SMR, ile inayobananisha data kwa kupandanisha mistari yake, inaandika fresh mwanzoni, kashe ikijaa inakufa, hata bila enkripsheni. Fungua top, komandi inayoonyesha prosesa inafanya kazi kiasi gani, prosesa ikiwa imetulia basi tafuta kwingine.

Sasa mwizi akibeba kiboksi chenye skani za vitambulisho na hati ya kiwanja, hapo spidi utaikumbuka kweli? Lakini seva ikiwa imewaka diski iko wazi, hacker wa kwenye neti enkripsheni haimzuii hata kidogo. Kinachoniuma zaidi mimi ni umeme. Ukikatika na kurudi, seva inakaa inasubiri paswedi, niko kazini, mama watoto anapiga simu picha hazifunguki. Kuna watu wanaweka ufunguo kwenye flashi wanaiacha imechomekwa humo humo, sasa si umemwachia mwizi funguo mlangoni?

Mimi nimegawa: hati na picha zimefungwa, muvi ziko wazi kwenye diski nyingine maana muvi akiiba aangalie tu. Umeme ukirudi nafungua toka kwenye simu kwa SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, dropbear (programu ndogo ya SSH) inasubiri kabla mfumo haujawaka.