Hati ya London, kizuizi cha Kitale

Hati ya kusafiria ya mkimbizi huwa na jalada la buluu, na kwenye kona ya juu kushoto ina mistari miwili myeusi iliyolala mshazari. Ukiiona mkononi mwa mtu kwenye foleni ya uhamiaji, mtazame afisa. Huigeuza nyuma, akaigeuza mbele, kisha akamwita mwenzake. Pasipoti anazijua zote, hii ni ya nchi gani?

Si ya nchi yoyote, ndiyo maana inamchanganya. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, katika ibara ya 28, unazitaka nchi wanachama ziwape wakimbizi wanaoishi humo kihalali hati za kusafiria nje, isipokuwa sababu nzito za usalama wa taifa au utulivu wa umma zikizuia. Kabla ya hapo kulikuwa na hati ya Nansen, iliyoanza mwaka 1922 kwa Warusi waliobaki bila nchi baada ya mapinduzi. Hati ile ilikuwa na tundu moja kubwa: mwanzoni ilimtoa mtu nje bila kumhakikishia kwamba nchi iliyompa itampokea akirudi. Ilikuwa tiketi ya kwenda tu.

Mkataba wa 1951 uliliziba tundu hilo. Katika kiambatisho chake, aya ya 13, nchi inayotoa hati inaahidi kumpokea mwenyewe wakati wowote hati ikiwa hai. Aya nyingine zinasema ada isizidi kiwango cha chini kabisa cha pasipoti za raia, na kwamba hati haimpi mwenyewe ulinzi wa balozi za nchi iliyoitoa. Mkimbizi anayeishi Kenya akikwama Istanbul, ubalozi wa Kenya haulazimiki kumtetea kama unavyomtetea Mkenya. Anachoweza kudai ni mlango wa kurudia.

Kwangu mimi, uzito wote wa kitabu hiki uko kwenye mlango huo. Afisa wa viza ana hofu moja: huyu akiingia, atatoka? Raia akikataa kutoka, hurudishwa kwao. Mkimbizi hawezi kurudishwa alikokimbia, kwa sababu ibara ya 33 inakataza. Imebaki nchi iliyompa hati. Kwa hiyo hati ni neno la serikali moja kwa serikali nyingine, kwamba huyu ni wetu wa kukaa naye, akimaliza shughuli mrudisheni. Neno la serikali lina nguvu kadiri serikali yenyewe inavyolitekeleza nyumbani. Hapo Kenya ina kazi ya kujieleza.

Kenya iliingia kwenye Mkataba mwaka 1966, na leo ina zaidi ya wakimbizi na waomba hifadhi laki nane, wengi wao kwenye kambi za Dadaab na Kakuma. Hati za kusafiria inazitoa. Lakini mkimbizi wa Kakuma anayetaka kwenda Nairobi kumwona daktari huhitaji kwanza kibali cha kutoka kambini. Matokeo yake ni kioja: mtu anaweza kuwa na hati inayoheshimiwa London, na bado akateremshwa basini kwenye barabara ya Kitale, mji ulio njiani kuelekea Nairobi, kwa kukosa karatasi ya kutokea kambini. Ibara ya 26 ya Mkataba inampa haki ya kuchagua pa kuishi na ya kutembea nchini kwa masharti yaleyale yanayowahusu wageni wengine. Mtalii wa kigeni haombi kibali ili afike Kitale.

Hata hivyo, itakuwa dhuluma kuisikiliza serikali kwa sikio moja. Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991, Kakuma 1992, wakati majirani wawili walikuwa wanawaka moto kwa pamoja, na ulimwengu uliokuwa ukihubiri haki ulileta mahema na mahindi zaidi kuliko nafasi za kuwapokea watu kwake. Kisha likaja shambulio la Westgate mwaka 2013, likafuata la Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015. Serikali yoyote ingebanwa na wananchi wake. Na ibara ya 28 yenyewe imeacha mwanya wa usalama wa taifa, haukubuniwa Nairobi.

Mahakama nazo zimeyumba katika jambo hili. Mwaka 2013 Jaji Majanja wa Mahakama Kuu alibatilisha agizo la kuwahamishia kambini wakimbizi wote wa mijini. Mwaka 2014, baada ya Westgate, jaji huyohuyo alilikataa ombi la wakimbizi waliopinga agizo linalofanana na hilo. Wapo wanaosema alijipinga. Mimi naona alionyesha jinsi hoja ya usalama inavyobadilisha mizani pale serikali inapokuja na kitu cha kuonyesha badala ya shuku tupu. Swali la kuuliza ni kama kila mkimbizi anapimwa peke yake au wote wanafungwa kwenye furushi moja. Ibara ya 28 inazungumzia sababu nzito, na sababu nzito humhusu mtu fulani aliyefanya jambo fulani. Haiwezi kuwahusu watu laki nane kwa mpigo, wakiwemo watoto waliozaliwa Ifo, mojawapo ya kambi za Dadaab, ambao Somalia hawajawahi kuiona.

Kuna hoja nyingine ya serikali ambayo watetezi huipita haraka: usajili umechafuka. Kaskazini mashariki mwa Kenya, nyakati za ukame, raia Wakenya wenye asili ya Kisomali walijiandikisha kuwa wakimbizi ili wapate rasheni. Alama zao za vidole zikabaki kwenye mfumo, na walipofika umri wa kuchukua kitambulisho wakaambiwa wao si Wakenya. Serikali inauona mkanganyiko huo kama sababu ya kwenda polepole katika kutoa hati. Nami nauona kama ushahidi kwamba karatasi zikiwa ngumu kupatikana, watu huishi na jina walilolipata kwanza.

Na wakimbizi wasiozipata hati za kusafiria hutafuta njia. Wengine huenda kwenye ubalozi wa nchi waliyoikimbia kuomba pasipoti. Hapo hujitia kitanzi, kwa kuwa ibara ya 1C inasema anayejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake hupoteza hadhi ya ukimbizi. Kuchelewesha hati ya buluu ni kumsukuma mtu kwenye kitanzi hicho, kisha kumlaumu amejinyonga.

Jambo jipya kabisa ni la Afrika Mashariki. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016, Kongo mwaka 2022, Somalia mwaka 2024. Wakimbizi wengi walioko Kenya, basi, wanatoka nchi wanachama, na Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu mkimbizi wa nchi mwanachama kuachia hadhi yake kwa hiari ili afaidi haki za Jumuiya, za kukaa na kufanya kazi. Wapo wanaoisifu njia hii, na si bure. Mfanyabiashara wa Bukavu anayeishi Kakuma kwa kuwa vita vilimharibia soko, lakini hana ugomvi na serikali yake, huenda pasipoti ya Kongo ikamfaa kuliko kitabu cha buluu ambacho kila ubalozi unakigeuzageuza.

Mwandishi aliyekimbia kwa alichokiandika hana njia hiyo. Kumwambia achukue pasipoti ya Jumuiya ni kumpeleka akapige hodi kwenye mlango alioukimbia usiku. Mwethiopia na Mweritrea hawamo kabisa, nchi zao si wanachama. Hatari ninayoiona ni kwamba njia iliyowekwa kuwa hiari itageuzwa kimyakimya kuwa jibu la kawaida dirishani: kwenu ni Afrika Mashariki, kachukue pasipoti ya kwenu. Tanzania ilipowapa uraia Warundi waliokimbilia kwake mwaka 1972 na vizazi vyao, wapatao 162,000, ilimaliza swali la hati kwa kulifuta kabisa. Kenya haijaonyesha hamu ya kufika huko. Mpango wa serikali ya Kenya uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025 ili kambi zigeuke kuwa makazi ya pamoja na wenyeji, unagusa shule, hospitali na biashara zaidi kuliko uraia.

Ipime sera hii kwa mama wa Kakuma anayetaka kwenda Kampala kununua vitenge na kurudi. Akiachia ukimbizi, atahitaji pasipoti ya nchi aliyoikimbia. Akibaki mkimbizi, atahitaji hati ya buluu na viza ikitakiwa. Kwa sasa, kabla hajaanza kuyapima hayo mawili, ataomba kibali cha kufika Kitale.