Tazameni nje, jamani!

Jumamosi tulichanga pesa za mafuta, watu sita tukajibana kwenye gari moja kutoka Kisumu, tukapitia Chemelil kupanda hadi Nandi Hills. Tunaenda kutazama mandhari, walisema. Sasa mbona safari nzima vichwa vilikuwa vimeinamia simu?

Na walichokuwa wakitazama ndicho kilichonichoma: video ya Vermont, kule Marekani, mwezi Oktoba, majani mekundu na ya manjano kando ya mto. "Ona rangi! Huku kwetu hakuna kitu," akasema shemeji. Dirishani kwake mti wa kibobakasi umewaka maua ya rangi ya chungwa hadi kileleni, na chini bonde la Nyando limejaa miwa. Hakugeuka.

Sibishi, majani ya video ile ni mazuri. Klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, inapoisha kabla ya baridi, rangi nyingine zinajitokeza, kisha majani yanaanguka. Lakini yako Vermont!

Nikamsimamisha dereva. Nikachuma tumba la kibobakasi, nikalibinya kama tulivyocheza utotoni, maji yakamrukia shemeji usoni. Akafuta simu kwanza. Kisha akauliza kama hapo kuna mtandao.