Kabla hamjaisikiliza ile voisi

Najua imeshawafikia. Jirani yangu wa fremu pale Kariakoo kaiweka stetasi tangu jana, kairusha na kwenye grupu la wateja wa jumla, na leo asubuhi dada yangu kanipigia kutoka Tabora akashindwa hata kunisalimia, anakohoa tu kwa kicheko. Basi ngojeni niwahadithie mwenyewe. Aliyekuwa ndani ya behewa la treni kule Dubai ni mimi. Jirani alikuwa Mtaa wa Congo anakula chapati.

Kwa wageni humu: nauza mabaibui. Miaka yote wenzangu ndio walikuwa wanakwenda Dubai kunifuatia mzigo, safari hii nikasema niufuate mwenyewe, nijue wananiibia kiasi gani. Nimebeba begi kubwa tupu, na ndani yake begi jingine tupu. Wafanyabiashara mnanielewa.

Jirani ndiye aliyenipa ramani. "Teksi achana nayo. Ya uwanja wa ndege inaanza na dirhamu 25 kabla tairi halijazunguka. Metro ipo hapohapo Terminal 3. Panda mstari mwekundu, shuka Union, hamia wa kijani, kituo kimoja tu, Baniyas Square, uko Deira." Hapo hakunidanganya, nampa haki yake. Kisha akaongeza: "Nenda mabehewa ya mbele kabisa. Ile treni haina dereva, utaiona reli yote." Hilo la pili nataka akalielezee mbele ya wazee.

Nikanunua kadi ya Nol ya rangi ya fedha. Dirhamu 25, zinazotumika kwa nauli ni 19. Ndiyo, nimeona na mimi kwamba hiyo 25 ndiyo ile ile ya teksi. Endeleeni kusoma.

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, watu wanakwenda kazini. Jukwaani kuna ukuta wa vioo, milango yake inafunguka pamoja na ya treni, na watu wamejipanga pembeni kuwapisha wanaoshuka. Treni ikaja. Mabehewa ya katikati wanaume wamebanana, mtu hawezi hata kujikuna. Mimi Kimara ya asubuhi naijua, mwendokasi nimeugombea sana, ningeweza kujipenyeza. Lakini nikakumbuka: mbele kabisa. Nikakimbia na begi langu. Upande niliokwenda, behewa la kwanza lilikuwa la wenye kadi ya dhahabu, viti vipana, nikajijua si saizi yangu. Lililofuata likawa na nafasi. Nafasi ya kutosha! Kiyoyozi kinapuliza, harufu ya udi, sauti za chini chini. Nikashika nguzo, nikawatazama wale wanaume kule nyuma wanavyokamuana, nikawaonea huruma. Nikasema hawa hawana mtu wa kuwaelekeza.

(Wewe uliyewahi kufika Dubai na umeshaanza kucheka, tulia, wenzako bado hawajafika.)

Sasa, mtu wa mabaibui ukiniweka katikati ya mabaibui, macho hayatulii. Humo ndani kulikuwa na mitindo ambayo Kariakoo haijaingia. Nikatoa simu, nikamfungulia jirani voisi, nikaitelezesha juu ijirekodi yenyewe, nikaanza kazi. Sikunong'ona. Kwa nini ninong'one? Kulia Mfilipino, kushoto Mhindi, nani ananielewa?

"Oya jirani, hapa nilipo pametulia, kama sebuleni kwa shangazi. Sasa sikiliza. Mzigo uko humu humu, unatembea. Mbele yangu kuna mama mtu mzima, kavaa la rangi ya maziwa na majani ya chai, mikono mipana, nakshi ya uzi pembeni tu, halina kelele. Kaka, hili kwa wale wateja wetu wa Magomeni ni laki na nusu, na hawagusi chini ya hapo. Ukishawaambia ni la Dubai lenyewe, wanalipa na kushukuru juu yake."

Hapo treni ikafunga breki. Begi tupu lenye magurudumu manne halina adabu. Likaniponyoka, likaondoka taratibu katikati ya behewa, likampita Mfilipino, likampita mtoto wa shule, likaenda moja kwa moja hadi kwa mama wa baibui la maziwa na chai. Akainua mguu, akalizuia kwa ndala. Akalitazama begi. Akanitazama mimi.

"Begi lako hili, baba?"

Jamani. Kiswahili. Tena si cha kujifunzia, ni cha Unguja mjini, kile kinachotoka bila haraka.

Nataka mnielewe nilivyokuwa. Mkono mmoja umeshika nguzo, mwingine simu iko mdomoni, mdomo uko wazi kwa sababu sentensi ilikuwa haijaisha. Miguu haipo. Kitu pekee mwilini mwangu kilichofanya kazi ni malezi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu n'ambie, hiyo laki na nusu yenu ni dirhamu ngapi?"

Mngesema nini? Nikajibu. Nilijibu kweli, jamani, tena kwa heshima. "Inafika mia mbili na kitu, bibi."

Akalishika baibui lake ubavuni, akalitizama juu mpaka chini, kidole chenye hina kikapita juu ya nakshi. "Mia mbili na kitu. Hili mie nimelinunua themanini. Hapo Naif. Na nilivyofika nyumbani n'kaona yule kijana kanipiga."

Kimya. Mfilipino akatoa spika moja ya sikioni. Lugha haijui, lakini msiba aliutambua.

"Na humu umepanda na nani?"

"Peke yangu, bibi."

"Haya. Tizama chini."

Nikatizama chini. Sakafuni kuna mstari wa waridi, mnene, umekatiza behewa kutoka ukuta hadi ukuta. Mimi niko upande wa ndani wa mstari, ndani sana. Nikainua macho: juu ya mlango kibandiko cha waridi. Kwenye kioo, kingine. Kiingereza kipo, Kiarabu kipo, na kwa asiyesoma vyote viwili kuna picha ya mwanamke na mtoto. Nikageuka polepole, nikahesabu ndevu ndani ya behewa. Zangu tu. Mwanamume mwenzangu humo ndani alikuwa yule mtoto wa shule, begi lake lina dinosaria, na alikuwa ananinyooshea kidole ili mama yake asipitwe.

Nyuma ya mstari, wale wanaume niliowaonea huruma wote walikuwa wananitazama. Na hawakuwa na huruma.

Ndipo nikasikia mkono unatetemeka na kukumbuka simu. Sekunde nyekundu bado zinakwenda. Inarekodi! Imerekodi begi, imerekodi shikamoo, imerekodi themanini ya Naif kwa sauti safi kabisa, maana bibi alikuwa ameshanisogelea. Mnajua voisi ikishafungwa inavyokaa: kikapu cha kutupa kushoto, kishale cha kutuma kulia. Nikapeleka dole gumba kushoto. Nakula kiapo, lilikuwa linakwenda kushoto. Treni ikaondoka kituoni kwa kishindo, mwili ukaenda huku, dole likaenda kule.

Ikaenda.

Tiki mbili za buluu papo hapo! Mtu ambaye nikimdai hela yangu meseji haioni wiki nzima. Nikafungua ili niifute, nikaona anaandika. Akaleta vicheko mstari mzima, kisha: "Nimeshaihifadhi."

Mengine ni mafupi. Akaingia mkaguzi, kijana mpole na mashine yake mkononi. Bibi akaongea naye Kiarabu kirefu, na mwisho akanigeukia: "Nimemwambia weye mwanangu, na watoto humu ruhusa." Mkaguzi akazitazama ndevu zangu, akamtazama bibi, akatabasamu, akaandika. Faini dirhamu 100, ambayo kwa kwetu inapita shilingi elfu sitini. Nikalipa, nikapewa risiti, nikasindikizwa nivuke mstari, na wale wanaume wakanibania nafasi kwa furaha kubwa. Union nikashuka, nikazunguka chini ya ardhi na mabegi yangu kutafuta mstari wa kijani, Baniyas nikatokea mlango usio wenyewe, hoteli nikaipita kabla ya kuiona.

Bibi, Mungu ampe umri, kabla sijashuka alishanielekeza duka. Ni mzaliwa wa Malindi ya Unguja, kaolewa Maskati zamani, Dubai huja kwa mwanawe. Nikaenda Naif jioni ile ile, baibui nikalikuta, muuzaji akaanza na 120. Nikamwambia kuna bibi mmoja. Tukavutana mpaka Magharibi inaadhiniwa, nikaishia 85. Themanini sikuipata, na mnaodhani ni rahisi nendeni mkavutane naye nyie.

Wakati huo grupu la wateja limewaka. Mmoja kaandika, "Naomba la bibi, themanini, na mimi nikifika nyumbani nitaona nimepigwa." Wa Magomeni wamebadilisha hadi picha ya grupu, wameweka mstari wa waridi. Kuna anayeuliza kama lile la mwaka jana alilonunua laki na themanini anaweza kulirudisha. Dada, lile umelifulia harusi ngapi?

Sasa wateja wangu wapenzi, tuongee kibiashara. Themanini ni bei ya dukani Naif. Bado kuna tiketi ya ndege, kuna kilo, kuna ushuru, kuna kodi ya fremu inayolipwa miezi sita mbele. Na kuna risiti ya dirhamu 100, ninayo mfukoni, nimeipata nikiwa kazini natazama mitindo, nayo inaingia kwenye gharama za mzigo. Mzigo unatua Alhamisi. Rangi ya maziwa na chai ipo, nyeusi ipo, saizi zote. Bei njoo inboksi, na uandike. Voisi sipokei.