Mbwa aliipita boti akaja kukaa mbele yangu

Nianze kwa kukiri tu, mimi ndiye yule mtu. Si unajua kila penye boti huwa kuna jamaa mmoja ambaye hajaulizwa ila anajibu, anakuja mpaka kwenye trela yako, anainama, anachungulia ekseli halafu anafanya "mmh" ananyamaza ili wewe uulize kuna nini. Ndio mimi huyo. Au niseme nilikuwa, maana tangu siku ile nimepoa sana.

Na sikuzaliwa hivyo. Mwaka juzi nilifika ziwani na watoto, wameshavaa za kuogelea, gari zima linanuka mafuta ya jua, tukasimamishwa kwenye kituo cha ukaguzi wa boti, wanapohakikisha hubebi magugu wala wadudu kutoka ziwa jingine. Mkaguzi akapiga tochi chini ya trela akatoka na kijani kimoja kimenyauka, kirefu kama kidole. Akaniuliza hiki nini. Nikasema jani. Akaniuliza jani la nini. Sasa hapo ndugu yangu unajibu nini? Tukarudishwa kwenda kuosha, watoto wanalia, na shemeji yangu (kaka wa mke wangu, huyu hakosi kwenye safari yoyote yenye chakula) akacheka njia nzima. Mpaka leo akinipigia simu anaanza na "habari za jani".

Basi nikaapa sitaaibika tena, nikaanza kusoma. Na ukishaanza kusoma haya mambo hulali. Kile kijani kumbe kilikuwa milfoili, gugu ambalo halihitaji mbegu wala mizizi, kipande kikikatika kinaelea, kikitulia mahali kinakuwa mmea mzima. Maana yake ukipita na propela katikati ya magugu ukadhani unafyeka, hufyeki, unapanda. Mimi nimepanda mashamba na mashamba jamani, miaka yote hiyo bila hata kujua kuwa ni mkulima.

Halafu nikafika kwa kome pundamilia, wale viumbe wa majini wanaoishi ndani ya magamba mawili, hapo ndipo nikapotea kabisa. Kikome chenyewe mara nyingi ni kama ukucha wa kidole gumba tu, kina mistari mistari, ukikitazama unakionea huruma. Waligunduliwa Ziwa St. Clair, kati ya Marekani na Kanada, mwaka 1988, walikuja na maji ya uzito, yale ambayo meli kubwa hubeba tumboni ili zisiyumbe, kutoka Ulaya. Jike mmoja anaweza kutoa mayai mpaka milioni moja kwa mwaka. Wanajibandika kwa nyuzi kwenye mawe, kwenye injini, kwenye mabomba ya maji ya watu, wao kwa wao juu ya migongo yao, wanaziba kila kitu. Na binamu zao, kome kwaga, Januari 2007 wakakutwa Lake Mead. Lake Mead iko jangwani, mpakani mwa majimbo ya Nevada na Arizona huko Marekani, zaidi ya kilometa 2,000 kutoka yale Maziwa Makuu ya Marekani ya Kaskazini. Sasa niambie, kome hana miguu, hana mabawa, amefikaje jangwani? Watu wa mambo haya wanaona jibu ni moja tu, alipanda boti ya mtu iliyokuwa kwenye trela, akakaa zake kimya kama abiria asiye na nauli.

Hii habari ya abiria niliisimulia kila mahali. Misibani mpaka harusini. Mke wangu akawa akiona nimevuta pumzi kwa namna fulani anahamia meza nyingine.

Boti nayo ikawa inaoshwa. Kila tukitoka majini naivuta mbali na maji, nafungua kizibo cha nyuma maji yote ya ngama yatoke, yale maji meusi yanayolala chini kabisa ya boti, maana watoto wa kome wakiwa wadogo huwaoni kwa macho, glasi moja ya maji uliyoisahau inaweza kuwa imebeba ukoo. Tangi la chambo namwaga, injini naishusha ivuje mpaka tone la mwisho, halafu napiga maji ya moto ya digrii 60, nanga, kamba, maboya, mpaka kiti cha shemeji. Kisha ikauke siku tano au zaidi. Safisha, mwaga, kausha. Mke wangu akasema angepata yeye huduma hiyo asingezeeka.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe.

Siku tatu kabla nilikuwa nimemtembelea jamaa yangu kwenye ziwa jingine ambalo kome walishaingia zamani, gati lake limevaa kome kama koti. Nikasimama pale naangalia, likanijia wazo ambalo wakati ule niliona ni la kitaalamu kabisa. Nikasema, watu hawaelewi kwa sababu hawajawaona. Nikawabandua sita wazuri, wenye mistari iliyokolea, ili niwe natembea nao, nikikutana na mtu mbishi namwonyesha. Kama mwalimu wa sayansi. Na ili rangi isififie nikawafunga kwenye kitambaa kibichi, nikatia kwenye kimfuko cha plastiki, kimfuko nikakitia mfuko wa kulia wa koti langu la mvua.

Naomba usinitangulie. Najua umeshaelewa. Mimi sikuelewa.

Maana mimi mwenyewe, kwa mdomo huu, ndiye niliyekuwa nawaambia watu kwamba kome anaweza kuishi siku kadhaa nje ya maji hasa akiwa mahali penye ubaridi na unyevunyevu. Ila kichwani mwangu hao walikuwa kome wa watu wengine. Hawa wangu walikuwa wa darasani.

Tukafika kituoni asubuhi, foleni ya boti kama saba hivi. Mbele yangu kijana mmoja mpole ana kiboti kidogo, na kwenye propela yake, Mungu si Athumani, kunaning'inia uzi wa gugu. Nilishuka kwenye gari kabla sijazima injini, shemeji ananiambia "shem achana naye" mimi nimeshafika. Nikampa somo zima, la ukulima wa propela, la jangwa, la abiria asiye na nauli, nikamwambia kijana wangu kizibo kinatolewa palepale unapotoka majini, sio ukishafika nyumbani, sio ukikumbuka, palepale. Nikachomoa kizibo changu mfukoni nikamwonyesha, nikasema mimi changu kinasafiri nje, hakijawahi kusafiri ndani ya tundu lake. Kijana anasema ndiyo mzee, asante mzee. Akatoa lile gugu akaenda kulitupa kwenye pipa kwa adabu zote, na mimi nikarudisha kizibo mfuko wa kushoto wa koti. Ukumbuke huo mfuko wa kushoto.

Nilitaka kumalizia na kome wa maonyesho ila foleni ikasogea. Hiyo bahati mbaya inaniuma mpaka leo, ningewatoa pale ningechekwa na mtu mmoja tu.

Zamu yetu ikafika. Mkaguzi ni dada mmoja mwenye karatasi yake ina visanduku vya kuweka tiki, na pembeni yake mwenzake ameshika mbwa. Mbwa hawa wapo kweli, huko Marekani na Kanada wanawafundisha kunusa kome kwenye boti, na mbwa akipata harufu habweki wala harukii mtu, anakaa tu chini anakutazama. Mimi nilikuwa nimesoma habari zao, nikafurahi kama mtoto. Nikamwambia yule dada, huyu leo atapumzika, kwangu hana kazi. Dada akatabasamu kidogo, akaniuliza mara ya mwisho boti ilikuwa majini lini, nikamjibu hilo pamoja na maswali mengine manne ambayo alikuwa hajayauliza.

Mbwa akaanza kuzunguka. Akapita kwenye trela, hakuna kitu. Propela, hakuna. Akapandishwa ndani, nanga, kamba, tangi, hakuna, na kila akipita mimi nageuka kuangalia kama yule kijana anaona. Mbwa akashuka. Akaanza kuondoka. Halafu akasimama, akainua pua, akageuka, akaja taratibu mpaka nilipo, akanusa goti, akanusa koti, akakaa.

Nikacheka. Nikasema, ooh kachoka huyu.

Hakuna aliyecheka. Mwenye mbwa akamvuta, akamzungusha, akamleta tena. Akakaa tena, palepale, ananitazama usoni kwa huruma fulani hivi, nadhani na yeye alikuwa hajawahi kukuta mtu.

"Mzee," dada akasema, "mfukoni kuna nini?"

Sasa hebu fikiria jibu la swali hilo. Nikasema ni vifaa vya kufundishia. Akasema vya kufundishia nini. Nikasema vya kufundishia watu wasibebe kome. Akasema, "Kwa hiyo ni nini?" Nikasema, "Kome."

Foleni nzima ilikuwa imeshashuka kwenye magari. Yule dada akavaa glavu, akafungua kile kitambaa juu ya meza, nami nikasema kwa sauti ya kujiamini kwamba wamekufa hao dada yangu, wana siku tatu. Mmoja alikuwa ameachama kidogo. Dada akamgusa na ncha ya kalamu. Akajifunga, tap.

Wote sita walikuwa hai. Nilikuwa nimewafungia kila wanachohitaji, ubaridi, unyevu, na usafiri. Nilipogeuka shemeji alikuwa amekaa chini kwenye lami kabisa, kichwa kati ya magoti, mabega yanatikisika, na nikamsikia anasema kwa tabu, "shem... abiria..."

Niseme ukweli walinihurumia. Wangeweza kunifanya vibaya, kusafirisha hawa wadudu wakiwa hai sehemu nyingi ni kosa la kisheria, hata kama nia yako ni ualimu. Nikaandikiwa onyo la karatasi, kome wakachukuliwa, boti ikapigwa maji ya moto upya japo ilikuwa safi kuliko sufuria za nyumbani kwetu, na koti likachovywa kwenye ndoo ya maji ya moto likaanikwa kwenye uzio wao. Kwenye karatasi dada akaweka tiki kwenye kusafisha, akaweka tiki kwenye kukausha baada ya kufikiri sana, na kwenye kumwaga akasema atarudi. Hakurudi, akaitwa kwenye boti nyingine, mimi nikaruhusiwa kwenda nikaondoka mbio ili nisiendelee kutazamwa.

Umelikumbuka koti? Liko kwenye uzio. Na mfuko wa kushoto una nini?

Tulishusha boti vizuri kabisa. Nikawasha injini, tukaenda kama mita mia, mia na hamsini, nikaanza kupata nguvu za kuongea tena, nikamwambia shemeji kwamba ukiangalia vizuri tukio lile limethibitisha hoja yangu, maana nimesema siku zote kome anaweza... Shemeji akanikatiza. "Shem, hii boti yako ina bomba ndani?" Nikamwambia bomba gani. Akainua mguu, kiatu kikamwaga maji. Nikatazama nyuma, maji yanaingia kwenye lile tundu kwa furaha, kama yalikuwa yamealikwa, na pua ya boti imeanza kuangalia mawinguni.

Kizibo ambacho hakijawahi kusafiri ndani ya tundu lake.

Shemeji akavua kiatu akaanza kukumba maji kwa kiatu, mimi nikatia kitambaa kwenye tundu, kitambaa kikaenda zake ziwani, nikatia soksi, soksi ikashika nusu. Nikaanza kupunga mikono. Na nani yuko karibu? Yule kijana mpole. Akaja bila haraka, akazima injini, akatupa kamba, akatuvuta mpaka ufukweni bila neno hata moja la kashfa, na huo upole wake ndio uliniua zaidi. Tulipokaribia tu ndipo akageuka akasema, "Samahani mzee, naomba kuelewa vizuri, kizibo kinatolewa palepale ukitoka majini, na kinarudishwa lini?"

Aliuliza kwa heshima kabisa. Mpaka leo sijajua kama alikuwa ananitania.

Tukairudisha boti kwenye trela, gari ikavuta, na wakati inapanda mteremko maji yakaanza kutoka kwenye lile tundu, bomba zima, yanamwagika yanamwagika, foleni yote inatazama, mbwa naye amesimama anatazama. Yule dada akashuka kutoka kituoni, mkono mmoja koti langu bado linavuja, mkono mwingine kizibo. Akanikabidhi vyote viwili. Halafu akachomoa kalamu, akatafuta karatasi yangu kwenye lile fungu, akasubiri mpaka tone la mwisho likadondoka.

"Haya," akasema, "kwenye kumwaga nakupa tiki."