Basi la bure Malindi: tujaribu, lakini tujue tunajaribu nini

Kila tarehe 14 EPRA, wale wanaopanga bei ya mafuta Kenya, wakitangaza mafuta yamepanda, huku Malindi kukicha tu nauli nayo ishapanda, na yakishuka nauli haina haraka ya kushuka, basi hapo ndo utasikia watu kwa steji wakisema si kaunti iweke mabasi tubebwe bure kama kule Ulaya. Mi hili wazo silipuuzi, nalitaka lijaribiwe, na Katiba ya 2010 yenyewe imewapa kaunti usafiri wa umma wa barabara kwa hivyo hakuna cha kusema hiyo si kazi yao. Lakini naona wanaolitaka na wanaolikataa wanagombana juu ya nauli peke yake, na kwa hali ya huku shida kubwa iko kwa kungoja.

Tuanze na hao wa Ulaya maana ndo wanaotajwa sana. Tallinn, mji mkuu wa Estonia, walipiga kura 2012 na kuanzia Januari 2013 mkaazi aliyesajiliwa pale anapanda basi halipi. Luxembourg wakafanya nchi nzima 2020. Dunkerque, kaskazini mwa Ufaransa, wakaanza Septemba 2018 na abiria wakaongezeka zaidi ya nusu siku za kazi, wikendi wakazidi mara mbili. Ukiishia hapo utasema maneno yamekwisha. Ila Dunkerque hawakutoa nauli tu wakaenda kulala, walipanga njia upya, wakaweka laini tano ambazo basi linapita kila dakika 10, tena nauli walokuwa wakikusanya ilikuwa kama asilimia 10 tu ya gharama, nyingi ilikuwa tayari inatoka kwa kodi ya makampuni. Walichosamehe kilikuwa kidogo. Kwetu nauli ndio dizeli, ndio spea, ndio mshahara wa dereva na makanga, ndio mkopo wa tajiri mwenye gari, ukiitoa leo gari halitoki kesho mpaka mtu mwengine aweke pesa. Na hata wenye nacho hulemewa, mji wa Hasselt kule Ubelgiji ulibeba watu bure tangu 1997 na 2013 wakaamua kurudisha nauli kwa sababu ya gharama.

Kuna jambo moja la Tallinn ambalo wapinzani wa basi la bure hulitumia sana, na kwa Malindi mimi naona linageuka kabisa. Watafiti walipoangalia walikuta wengi waloingia kwa basi ni wale waliokuwa wakitembea kwa miguu, wenye magari wengi walibaki na magari yao. Kule hiyo ikahesabiwa kama kufeli, maana shabaha ilikuwa kupunguza magari barabarani. Sasa huku nani ana gari? Mtu anayetembea kutoka Ganda mpaka mjini hatembei kwa ajili ya mazoezi, anatembea kwa sababu pesa ya kwenda ipo lakini ya kurudi haijulikani. Kama basi la bure litamtoa huyo juani, akafika sokoni mboga zake hazijanyauka, basi limefanya kazi ile ile ambayo lingepaswa kufanya. Chukua mtu analipa shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, siku 26 za mwezi ni 5,200, na kwa kibarua wa hoteli ama mama wa mboga hiyo ni kodi ya nyumba. Serikali ilipofanya kujifungua bure katika hospitali za umma 2013 lilikuwa jambo zuri sana, lakini mama wa Kakoneni bado ilibidi afike hospitali, na kufika hakukuwa bure.

Upande wa pili nao una uzito, na hatuna haja ya kwenda Ulaya kuutafuta. Hapo Likoni, Mombasa, mtu wa miguu anavuka feri bure, gari ndilo linalolipa, na faida yake haina mjadala, watu wanavuka kwenda kazini ambao wangekuwa wakilipa wasingeweza kabisa. Lakini muulize anayevuka kila siku, malalamiko yake ni msongamano, ni feri kuharibika, ni kusimama pale jua linakuchoma hujui utavuka saa ngapi. Elimu ya msingi ikawa bure 2003, watoto zaidi ya milioni moja wakaingia shule kwa mpigo, na hakuna mzazi anayejutia hilo, ila darasa likajaa na mwalimu akabaki yule yule. Kitu kikiwa bure watu wanakuja, na wakija usipoongeza magari utalipia kwa muda, na muda wa maskini pia ni pesa jamani.

Sasa nirudi kwa kungoja. Nenda kwa steji asubuhi ukaangalie. Gari la watu 14 limekaliwa na watu tisa, makanga anapiga bodi anaita "mbili mbili, bado mbili twende", na wewe unaona kwa macho viti vitano viko wazi, anayeshuka akatafute nyengine anaambiwa hii ndo ya kwanza. Mama amepakata mtoto wa kliniki, ndoo yake ya maembe iko mlangoni na inalipiwa nauli yake mbali. Dereva si mtu mbaya, ana hesabu ya tajiri, akitoka na watu tisa anaweka mafuta kutoka mfukoni kwake. Mfumo wa nauli ndio unaomlazimisha angoje, halafu akishajaza akimbie, halafu njiani aongeze wa kusimama.

Hapo ndo naona faida ambayo watu hawaizungumzii. Kaunti ikimlipa mwenye gari kwa kila safari aliyoenda kwa saa iliyopangwa, awe na watu tisa au watatu, sababu ya kungoja ijae inakwisha, sababu ya kukimbizana inakwisha, na makanga hatafuti chenji ya elfu kila kituo. Lakini pesa hiyo hiyo inaleta ugonjwa wake, maana dereva anayelipwa kwa safari hana haja na abiria, anaweza kuwapita wakimpungia mkono akaenda zake mtupu na bado akalipwa. Kwa hivyo lazima pawe na mtu wa kuhesabu, na lazima pesa itoke kwa wakati. Hii ya pili ndio inanipa wasiwasi kuliko zote. Kaunti zetu kila mwaka zinalia mgao umechelewa kutoka Nairobi, watu wa vibarua wanakaa miezi bila kulipwa, na mwenye matatu hawezi kungoja miezi, benki haimngoji.

Na hawa wa tuktuk tusiwafiche. Malindi vijana wengi mno wanakula kwa tuktuk na boda, wengi zimenunuliwa kwa mkopo. Basi la bure likipita Lamu Road mpaka sokoni siku nzima, hao ndo watakaoumia wa kwanza, kabla ya matatu yoyote. Wengine watasema watazoea, mi siwezi kusema hivyo kwa mtu ambaye ana watoto. Ndio maana sitaki jaribio lianze katikati ya mji. Lianze na njia moja ya nje, Ganda kuingia mjini mpaka hospitali, kule ambako tuktuk ni ghali na wengi wanatembea, saa za asubuhi na jioni, kwa magari yaliyopo ya sacco, vile vyama vya wenye matatu. Kununua mabasi mapya ni tenda, na tenda zetu tunazijua zinavyoisha, gari linakufa kwa kukosa spea linabaki yadi.

Muda nao uwe wa haki. Ukijaribu Desemba mpaka Februari hoteli zimejaa, kila mtu ana kazi, utapata picha ya uongo. Lipite mpaka mvua za Aprili na Mei, hoteli zikifungwa watu wakirudishwa nyumbani, hapo ndo utajua nani alikuwa anahitaji. Na lisianze miezi ya kampeni, likianza hapo litapakwa rangi ya mtu na akishindwa litakufa naye.

Kuhesabu abiria pia kuna watu washaanza kufanya. Kule India, Delhi wanawake walianza kupanda basi bure 2019, jimbo la Karnataka 2023, na walipoanza konda bado alikuwa anawakatia tiketi, ila tiketi ya sifuri, ndio serikali ikajua imebeba wangapi. Kwetu hiyo ingemwacha makanga na kazi yake. Lakini mwenye gari asilipwe kwa hizo tiketi, maana atakatia viti vitupu, alipwe kwa safari na saa, tiketi ziwe za kujua tu ni nani alipanda, alitoka wapi, na kama yule aliyekuwa akitembea kutoka Ganda ni mmoja wao.