Matembezi ya michoro ya kuta Kibera: nani anatazamwa, nani analipwa

Mgeni anayetaka kuijua Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, kwa miguu siku hizi ana njia nyingine mbali na ile ya kuonyeshwa mitaro na vibanda. Anaweza kuanzia Olympic, akateremka hadi Makina, kisha akafuata reli kuelekea Laini Saba, huku kijana wa mtaa akimweleza michoro ya ukutani: huyu ni nani, maneno haya yaliandikwa lini, kwa nini hapa. Wapo wanaoyaona matembezi hayo kuwa heshima kwa wasanii wa mtaa. Wengine wanasema ni utalii ule ule wa kuangalia maskini, ila safari hii umepewa jina zuri.

Hoja ya hao wa pili isipuuzwe. Mwaka 2010 Kennedy Odede, aliyelelewa Kibera na aliyeanzisha shirika la SHOFCO, aliandika katika gazeti la New York Times akizipinga ziara za mitaa ya mabanda. Alisimulia kwamba akiwa na miaka 16 alikuwa nje ya nyumba akiosha vyombo, mwanamke wa Kizungu akampiga picha, na kabla hajapata la kusema mama yule ameshaenda zake. Alijihisi kama mnyama aliyefungiwa kizimbani. Kila ninapowasikia waongoza watalii wakiisifu biashara yao, humkumbuka kijana huyo.

Hata hivyo, mchoro una jambo ambalo kijana yule hakuwa nalo. Aliyeuchora alitaka utazamwe. Alichagua ukuta, akaongea na mwenye duka, akapanda ngazi na rangi zake mchana kweupe. Ukisimama mbele ya kazi yake na kuuliza imechorwaje, unamtendea kama unavyomtendea msanii yeyote. Na ya kuuliza ni mengi. Kuta nyingi za Kibera ni mabati, na mabati yana matuta: uso uliochorwa hapo hukatikakatika ukiutazama kwa karibu, ukirudi nyuma hatua kadhaa unaungana. Jua na kutu huila rangi upesi kuliko kwenye ukuta wa mawe. Rangi ya kopo ya kupuliza ni ghali, kwa hiyo wachoraji wengi hupaka sehemu kubwa kwa brashi na rangi ya kawaida ya nyumba, kopo likawekwa akiba kwa ajili ya mistari na vivuli. Haya huyaoni ukiwa garini, wala kwenye picha uliyotumiwa kwa simu.

Tatizo ni kwamba ukuta haukai peke yake. Vichochoro ni vyembamba, na mbele ya mchoro kuna mama anakaanga mandazi, kuna mtoto anaogeshwa, kuna nguo zimeanikwa. Simu inayoupiga picha ukuta inawabeba wote. Hapo malalamiko ya Odede yanarudi na nguvu zake zote, na kusema kwamba tulikuja kwa ajili ya sanaa hakumsaidii mtoto yule chochote.

Kwa nini basi nayaunga mkono matembezi haya? Kwa sababu kuta za Kibera zinasimulia miaka ishirini hivi ya siasa za Kenya, na mahali pazuri pa kuisikia simulizi hiyo ni pale pale zilipo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini. Kibera iliumia sana. Vijana waling'oa hata reli ya kwenda Uganda. Siku hizo hizo Solomon Muyundo, ambaye wengi wanamjua kama Solo7, alizunguka mtaani akiandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta, milango na mabati. Mapema mwaka 2013, uchaguzi wa Machi ukikaribia, wachoraji wakiwemo Swift9 na Bankslave walichora ujumbe wa amani kwenye treni ya abiria inayokatiza Kibera, kwa ruhusa ya kampuni ya reli. Mtu akitembea kando ya reli hiyo akijua kwamba miaka mitano kabla ya treni kupakwa rangi vyuma vyake viling'olewa, ataelewa uzito wa kazi ile bila kuhubiriwa.

Lakini hapa ndipo naona kuna mgogoro mkubwa kuliko ule wa kamera. Kufikia 2013 wito wa amani ulikuwa umetapakaa kiasi kwamba Wakenya wengi walilalamika kwamba unatumiwa kuwanyamazisha wanaodai haki. Mfadhili huupenda ukuta wenye mikono iliyoshikana. Ukuta unaomtaja polisi au mwanasiasa ni vigumu kuupatia pesa. Mwaka 2012, katikati ya jiji karibu na City Market, mwanaharakati Boniface Mwangi na wachoraji wa grafiti walimchora mheshimiwa mwenye kichwa cha tai mla mizoga, amevaa suti, akijigamba kwamba anaiba kodi na kunyakua ardhi na bado atapigiwa kura. Baadhi ya michoro yao ilipakwa rangi juu ikafutwa. Juni 2020 Allan Mwangi alichora Kibera uso wa George Floyd, Mmarekani aliyeuawa na polisi, na kuandika hapo neno HAKI. Miezi miwili na kitu kabla ya hapo, polisi wakisimamia kafyu, mtoto wa miaka 13 alikuwa amepigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, upande wa pili wa jiji. Hakuna mkazi aliyehitaji kuelezwa kwa nini uso wa Mmarekani uko kwenye ukuta wa Kibera.

Kwa hiyo anayepanga njia ya matembezi anafanya kazi ya mhariri. Akimpitisha mgeni kwenye kuta za amani peke yake, anamwonyesha Kibera iliyotulia na inayoshukuru misaada. Mgeni akitoka hapo akidhani ameusikia mtaa, amedanganywa, hata kama kila alichoambiwa ni kweli.

Jambo jingine ni pesa. Sehemu kubwa ya Kibera iko kwenye ardhi ya serikali, wakazi wengi ni wapangaji, na wenye nyumba wengi wanaishi kwingine. Mchoraji huelewana kwa mdomo na anayeuza hapo. Kesho inakuja kampuni ya simu au ya sabuni, inajitolea kukipaka kibanda chote rangi yake bila malipo, na mchoro unakwisha. Simlaumu mwenye kibanda. Duka lililong'aa huvuta wateja. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa msanii haki ya kutambuliwa na ya kupinga kazi yake kuharibiwa, lakini haki hiyo inadai wakili. New York, wachoraji 21 wa jengo la 5Pointz, ambao kazi zao zilipakwa rangi nyeupe usiku mmoja mwaka 2013, walitunukiwa na mahakama dola milioni 6.7 mwaka 2018. Mchoraji wa Makina hana njia kama hiyo. Anachoweza kupata kwa sasa ni sehemu ya ada ya mgeni, na hapo ndipo ningeanza kuyapima matembezi yoyote: je, mchoraji anapata kitu, au ni mwongozaji na wakala wa mjini tu?

Kuna hoja moja ambayo siikubali kwa Kibera. Wanaofuatilia mitaa ya michoro ng'ambo husema michoro hupandisha kodi za nyumba na kuwafukuza wenyeji, wakitaja Wynwood kule Miami, ambako Tony Goldman alianzisha Wynwood Walls mwaka 2009 na mtaa wa maghala ukageuka wa mikahawa na nyumba za bei kali. Huku Kibera, kinachohamisha watu ni tingatinga la ubomoaji. Julai 2018 ubomoaji wa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata uliwaacha watu wapatao 30,000 bila makazi, na michoro haikuhusika hata kidogo.

Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027, na sina shaka pesa za kuta za amani zitatoka tena. Nawasihi waongozaji wasizisahau kuta za haki, hata zilizofifia au zilizokwisha kufutwa, maana zinaweza kuelezwa kwa maneno. Wataje jina la kila mchoraji, na wakubaliane naye fungu lake kabla ya kumpeleka mgeni wa kwanza. Kuhusu picha, ukuta wa barabarani upigwe tu. Ndani ya vichochoro simu ziingie mfukoni mpaka mwenye mlango aulizwe na akubali, na akikataa asidaiwe sababu.